Cinderella bila uchawi

Jana nimeitazama tena Ever After, filamu ya 1998 ya Drew Barrymore, safari hii pamoja na mpwa wangu. Ni hadithi ya Cinderella, ila hakuna panya wanaogeuka farasi. Kuna Ufaransa ya zamani, na Danielle, yatima anayetumikishwa na mama wa kambo katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Anjelica Huston kwenye nafasi ya huyo mama, jamani, anatisha!

Ninachokipenda ni kwamba mapenzi ya Danielle na Henry, mwana wa mfalme, yanajengwa kwa mabishano. Danielle anamkabili akimtetea mtumishi mzee aliyeuzwa kulipia deni, tena kwa hoja za Utopia ya Thomas More, kitabu cha mwisho alicholetewa na marehemu baba yake. Henry anabaki mdomo wazi. Danielle hakupendwa kwa sababu ya kiatu.

Anayechukua nafasi ya yule mama wa miujiza ni mchoraji Leonardo da Vinci, na mlango aliofungiwa Danielle anaufungua kwa kung'oa bawaba tu!

Kinachoniuma kila mara ni pale Henry anapogundua kuwa Danielle ni mtumishi, akamkana mbele ya watu wote. Hayo tunayaona hata leo, mtu anapendwa mpaka ukoo wake ujulikane. Baadaye Henry anapokuja kumwokoa utumwani, Danielle keshajikomboa mwenyewe kwa upanga. Mpwa wangu alisimama akashangilia, na mimi nikasimama naye. Wenye mabinti, itazameni nao.