Tetra zilinidanganya, na sasa zimemdanganya dogo

Juzi dogo mmoja anayefanya fildi ofisini kwetu kaniletea modeli ya kompyuta ya brakiti ya kubebea mota, anasema kaka nimemaliza, mkazo (nguvu inayobebwa na kila eneo la chuma) uko chini kabisa, tunaweza hata kupunguza unene wa bamba. Nikaifungua meshi yake, yaani vile softwea inavyokigawa kipande kuwa vipande vidogo, elementi, ili ikokotoe mkazo. Mmh. Tetra za nodi 4 tupu (vipiramidi vya nyuso nne za pembetatu, nodi ni pointi za kona), na kwenye unene wa bamba iko moja tu. Nikacheka, sio kumcheka yeye, nilikuwa najicheka mwenyewe, maana nilivyoanza kazi nilifanya hivyo hivyo na mzee niliyekuwa chini yake alinirudisha kwa hesabu ya mkono iliyojaa nyuma ya risiti.

Hesabu yenyewe hii hapa. Bimu ya chuma imeshikwa upande mmoja, urefu mita 1, upana mm 50, kina mm 100, mwisho wake unaning'iniza kN 10, tuseme tani moja hivi. Fomula ya chuoni inakwambia ncha itashuka mm 4 na mkazo kule kwenye mzizi ni megapaskali 120. Sawa? Sasa chukua elementi za pembenne za nodi 4, zile za kawaida zenye integresheni kamili (softwea inasoma pointi kadhaa ndani ya kila elementi), ziwe mraba wa mm 100, kumi zimepangwa mstari mmoja. Ncha inashuka kama mm 2.7. Zirefushe ziwe mm 200 kwa 100, tano tu, inashuka mm 1.5 hivi. Chuma ni kile kile, mzigo ni ule ule, umebadilisha umbo la elementi tu halafu bimu imekuwa ngumu karibu mara mbili!

Sababu ni hivi, elementi ya nodi 4 kingo zake ni mistari iliyonyooka na haijui kupinda, kwa hiyo bimu inapopinda yenyewe inageuka kuwa trapeza, zile kona zake zilizokuwa nyuzi 90 zinabadilika na softwea inahesabu hiyo kama shia (kuteleza kwa tabaka, kama ukisukuma rundo la karata kwa juu), shia ambayo kwenye bimu halisi haipo, na nguvu yako inaliwa huko. Ni kama kutaka kukunja mlango vile unavyokunja mkeka.

Tetra ya nodi 4 ndo mbaya kuliko wote kwa hili. Ndani yake yote mnyooko (kiasi cha kurefuka au kubanwa) una thamani moja tu, wakati kitu kinachopinda juu kinavutwa na chini kinabanwa, sasa ukiwa na moja tu kwenye unene itaonyesha nini? Ukizijaza nyingi mno utafika kwenye jibu, ila utafika umechoka na kompyuta imechoka. Na kumbuka mchemraba mmoja ukiukata kwa tetra unapata 5 au 6, kwa hiyo namba ya elementi inapaa na watu wanadhani meshi yenye elementi laki tano lazima iwe nzuri. Wapi.

Sisemi pembetatu, ndugu bapa wa tetra, hazina kazi. Wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp mwaka 1956 walizitumia kwenye mambo ya mabawa ya ndege na ilileta maana, ngozi ya bawa inavutwa ndani ya bapa lake, haipindi kama bimu. Swali la kujiuliza kabla ya kubofya kitufe cha meshi ni hiki kipande kinafanya nini, kinavutwa au kinapinda, basi.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Kitu chembamba, bamba au bomba la mraba, sheli (elementi bapa, sio ile ya kujaza mafuta) za pembenne, pembetatu naziachia sehemu za kuungia tu, mbali na pale ninapotaka kusoma mkazo. Kitu cha kumiminwa chenye umbo la ajabu ajabu, tetra za nodi 10 (zina nodi katikati ya kila ukingo pia, kwa hiyo zinajua kupinda), angalau mbili kwenye unene, na sioni aibu. Heksa (elementi za umbo la tofali) ni nzuri kweli ila nilishawahi kupoteza siku mbili kukatakata kipande ili zikae, jibu likatofautiana na la tetra za nodi 10 kwa kitu cha kutupa. Na ukichagua heksa za nodi 8 zenye integresheni iliyopunguzwa (pointi moja tu ya kusomea) usiweke moja kwenye kina, ile pointi yake ya kusomea inakaa katikati kabisa pale ambapo mkazo wa kupinda ni sifuri, utaletewa sifuri na utafurahi bure. Weka 4.

Kama unaona ni ushamba wa wanafunzi tu, kasome habari ya Sleipner A. Norway, tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi kilikuwa kinajaribiwa kwa kuzamishwa kidogo kidogo kwenye maji ya Gandsfjord, karibu na Stavanger, ukuta wa seli moja (chumba cha zege) ukapasuka, kikazama chote. Hasara ikatajwa kama dola milioni 700. Uchunguzi ukakuta mkazo wa shia kwenye pale kuta zinapokutana ulihesabiwa pungufu kwa asilimia 47, elementi za pale zilikuwa chache na zimepindishwa vibaya, na juu yake nondo za sehemu ile zilikuwa fupi. Pale pale palipohitaji elementi nzuri ndo palipata mbovu, na ukifikiria ni kawaida, maana kona ndo ngumu kupiga meshi.

Basi dogo nikampa ile bimu kwanza, afanye kwa mkono, halafu kwa kila aina ya elementi, ndo arudi kwenye brakiti. Karudi jioni na tetra za nodi 10. Mkazo umepanda karibu mara mbili, bamba limebaki mm 12 kama lilivyokuwa. Ila sasa kaja na swali jingine, mbona kwenye ile kona kali ya ndani kila akipunguza saizi ya elementi mkazo unazidi kupanda tu hautulii? Nikaangalia saa, saa kumi na mbili na nusu, nikamwambia funga kompyuta, hiyo ya kesho.