Kasi niliyoipata na niliyoipoteza kwenye vivinjari vya faragha

Niliulizia bei ya godoro mtandaoni siku moja tu, na tangu hapo matangazo ya magodoro yakanifuata katika kila ukurasa. Kompyuta yangu ni ya zamani, yenye RAM ya GB 4, na intaneti naipata kwa kuiunganisha na simu, hivyo kila MB hukatwa kwenye bando langu. Fundi mmoja hapa Tanga aliponishauri nihamie kivinjari cha faragha, nilikubali kwa shingo upande, nikiamini kwamba ulinzi lazima upunguze kasi.

Kivinjari cha Brave kilinionyesha kinyume. Kwa kuwa huzuia matangazo na vifuatiliaji, yaani vijiprogramu vinavyorekodi unachotembelea mtandaoni, bila kuambiwa, ukurasa wa gazeti ambao awali ulifunguka vipande vipande, aya zikisukumwa chini kila tangazo jipya lilipojitokeza, sasa ulitulia mara moja, na bando la wiki lililokuwa likiisha Ijumaa likaanza kufika Jumapili.

Nikanogewa, nikaweka na Tor Browser. Hiyo haipeleki ombi la kufungua ukurasa moja kwa moja kwenye tovuti, bali, ili tovuti isijue ulipo, hulipitisha kwenye kompyuta tatu za watu wanaojitolea, na nyingi kati ya hizo ziko Ulaya. Kwa hiyo nilipofungua tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka kwangu, ombi langu lilipita kwenye nyaya za baharini, likazunguka Ujerumani au Uholanzi, ndipo likarudi nyumbani, tena kwa kasi ya kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote njiani. Kipo kitufe cha kubadilisha njia. Mara nyingine huokoa, mara nyingine ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuingia benki kupitia Tor. Mfumo ulimwona mteja wa Tanga akibisha hodi kutoka ughaibuni, ukafunga akaunti, nami nikapoteza asubuhi nzima kwenye foleni ya tawi. “Kaka, mbona hapa inaonyesha uko Ujerumani?” aliniuliza dada wa kaunta, huku akinitazama mimi na kandambili zangu.

Kivinjari cha tatu, Firefox, nacho kilinigharimu kwa namna ambayo sikuitambua upesi. Nilikuwa nimeiagiza ifute kuki (vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta ili ikutambue ukirudi) pamoja na akiba ya kurasa (nakala za picha na kurasa zilizokwisha kupakuliwa) kila ninapoifunga, bila kufikiri kwamba nembo na picha zilezile zingepakuliwa upya kila asubuhi kwa pesa yangu. Baada ya kusoma kwamba tangu toleo la 85, la Januari 2021, akiba ya kila tovuti hutengwa ili tovuti nyingine zisiitumie kunifuatilia, niliacha kuifuta, nikaendelea kufuta kuki peke yake.

Benki sasa naifungulia Firefox, magazeti Brave. Tor nimeibakizia maswali ya afya ambayo sitaki yahusishwe na jina langu: nabofya, naenda jikoni kubandika chai, na nikirudi aghalabu ukurasa umeshafunguka.