Ghala la Chuma Pemba: Namna Nilivyopata Kibali cha Ujenzi

Yeyote anayekusudia kujenga ghala la chuma hapa Pemba ataambiwa, tena na watu wazima wenye akili zao, kwamba jengo la namna hiyo halihitaji kibali kwa sababu limefungwa kwa bolti na siku yoyote linaweza kufunguliwa likahamishwa. Nimeusikia ushauri huu barazani, bandarini na hata kwa muuzaji aliyeniuzia vyuma vyenyewe. Hauna ukweli. Katika ofisi ya vibali vya ujenzi hakuna anayejali kama kuta zimejengwa kwa matofali au zimefungwa kwa bolti. Wanachouliza ni kiwanja ni cha nani, kimepangiwa matumizi gani, na mabati yakiezuliwa na upepo yatamwangukia nani.

Mimi nilitaka ghala la kuhifadhia mwani mkavu kabla ya kusafirishwa. Ami yangu alinisihi nijenge katika eka tatu za marehemu babu, akasema, "Shamba letu wenyewe, mwanangu, nani atakuja kukuuliza?" Wa kuuliza wapo wengi. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na tulicho nacho sisi, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ni haki ya kuitumia; eka zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Juu ya hayo, shamba lenyewe limejaa mikarafuu, na kukata mkarafuu bila ya ruhusa ni kosa. Nilimshukuru ami, nikatafuta kiwanja kando ya barabara ya lami, nje kidogo ya mji.

Kiwanja hicho kilikuwa na hati yake, lakini katika ramani ya mipango miji kilikuwa kimepangiwa makaazi. Kwa hiyo ombi langu la mwanzo lilikuwa la kubadilisha matumizi ya ardhi, na ruhusa ya kujenga ilibidi isubiri. Anayepeleka ramani za jengo kabla ya hilo kumalizika anajitafutia kurudishwa. Mambo ya barua ya Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na nakala za vitambulisho kila mtu anayajua.

Kilichonichosha ni ramani za muuzaji. Alikuwa ameniapia kwamba vyuma vyake huja na michoro kamili inayokubalika dunia nzima. Mhandisi wa ofisini aliitandaza mezani, akausoma ukurasa wa mahesabu taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Maalim, theluji hii unaitegemea mwezi gani?" Kumbe paa lilikuwa limekokotolewa libebe theluji ya nchi za baridi, ilhali upepo umetajwa kwa mstari mmoja tu, na vipimo vyote viko katika futi na inchi. Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka nao, maana sikuwa na la kufanya. Baada ya kicheko alinipa somo ambalo muuzaji hakuwahi kunigusia: theluji huligandamiza paa, lakini upepo huweza kulinyanyua, na kwa kuwa jengo la chuma ni jepesi, msingi wake una kazi kubwa ya kulishikilia lisiondoke. Akanitajia kimbunga cha Aprili 1872, kilichoifyeka mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha ya Pemba, kisha kile cha Hidaya cha Mei 2024. "Bahati ya 1872 haiandikwi kwenye mahesabu," akasema. Nikamlipa mhandisi wa hapa hapa akokotoe upya, na nguzo zikapata vitalu vya zege vizito kuliko vile vya muuzaji.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Ombi la kubadilisha matumizi huwafikia majirani, na mtaani palikwishaenea habari kwamba najenga banda la kuegeshea ndege litakaloziba upepo wa kusi. Kuwaonyesha watu ramani ya karatasi ni kazi bure, kwa sababu wengi wetu hatuisomi. Nikanunua mianzi, nikaisimamisha kwenye pembe zote kwa kimo cha kuta, na katikati ya kila upande mfupi nikaweka mwanzi mrefu wa kimo cha kilele cha paa. Nikazungusha kamba na kufunga vitambaa vyeupe vilivyochanwa kutoka kanzu kuukuu, kisha nikawaita Sheha na majirani baada ya sala ya alasiri. Bibi mmoja alilizunguka ghala langu la kamba, akautazama mnazi wake, akasema, "Kumbe ndiyo hili tu? Mnazi wangu unalipita." Mzee mwingine akaonyesha kwamba pembe moja inakata njia ya miguu iendayo msikitini. Tulisogeza mianzi pale pale, na hakuna aliyegombana, kwa sababu kamba husogezwa bure. Picha za siku ile niliziambatisha kwenye maombi pamoja na saini zao. Ofisa alipouliza fikra hiyo ni ya nani, sikuona sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Watu wa mazingira walitaka kujua maji ya paa yatakwenda wapi. Wale wa zimamoto walidai milango ya kutokea pande mbili, nami nilipowajibu kwamba chuma hakiungui, waliniambia kwamba kikifika nyuzijoto 600 hivi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na paa huanguka. Nikaongeza mlango.

Kutu nayo isidharauliwe, kwani mwani una chumvi na huishambulia chuma kutoka ndani, bahari ikiishambulia kutoka nje. Dai vyuma vilivyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Kwa chuma chenye unene unaozidi milimita 6, tabaka la zinki lifike wastani wa maikroni 85 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Fundi akitaka kukata au kuchomea pale kiwanjani, mkatalie, kwa kuwa moto huunguza zinki na kutu huanzia hapo hapo.

Ada za vibali zilikuwa laki kadhaa, na kwa hakika kuleta vyuma kwa meli hadi Mkoani kuliniumiza zaidi. Usimwage zege la msingi kabla mkaguzi hajaziona nondo na bolti za nguzo zikiwa wazi, na jitahidi amalize kabla ya masika. Wapo wanaokuja kuniazima ramani ili wazinakili. Orodha ya viambatisho nawapa kwa moyo mkunjufu, lakini ukurasa wa msingi siutoi, kwa sababu umekokotolewa kwa udongo wa kiwanja changu, na mwenye kujenga kwenye tope la karibu na mikoko atahitaji msingi mwingine kabisa.