Najma, na neno nililoambiwa barazani

Juzi baada ya alasiri nilikuwa barazani, Langoni, nawaeleza wenzangu kwa nini nimerudi ghafla mwezi huu. Mmoja wao, tuliyesoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa kwenye juzuu amma, akanikata: "Babako kafa, hukuja. Farasi wa Mwarabu kafa, umekuja na macho mekundu." Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkataza. Niliweka kikombe chini nikaenda zangu. Jibu lake lilikuwa refu kuliko kahawa ile, ndiyo maana naliandika hapa.

Niliondoka Lamu 2015. Wakala aliniambia naenda Oman kuwa dereva. Nilipofika nikapewa koleo, buti za mpira na farasi sita. Saisi, yaani mtunza farasi. Sikulalamika sana, kwa kuwa mtoto wa Lamu hafundishwi kumkaribia mnyama mwenye kwato. Nimekua nikipanda punda kabla sijajua kuendesha baiskeli. Lakini farasi si punda. Punda umlishe usimlishe ataipata riziki yake vichochoroni. Farasi ukimbadilishia majani ghafla, ukimsahau maji mchana mmoja wa Julai, ukimwekea chakula chini kwenye mchanga miezi mitatu, unaweza kumuua bila kumpiga hata fimbo.

Kati ya wale sita alikuwamo Najma, farasi jike mweupe wa Kiarabu. Alikuwa na tabia ya kugonga mlango kwa kwato nikichelewa na ndoo, mara mbili tu, kisha husikiliza kama nakuja.

Sasa nije kwa baba. Simu iliingia 2019, baada ya isha. Pasipoti yangu ilikuwa ndani ya kabati la msimamizi. Nilimwendea nikamwomba siku kumi. Akaniuliza nani atalisha farasi. Nikamwambia nitakatwa mshahara. Akasema turudi kazini, tutazungumza mwisho wa mwezi. Wanaojua nchi za watu wanajua maana ya maneno hayo, na wanaojua mazishi yetu wanajua kwamba hata ningepewa pasipoti saa ile ile, baba angekuwa ameshalala kaburini kabla ndege yangu haijatua Mombasa.

Nilikwenda kwenye zizi la Najma nikakaa chini, mgongo ukutani. Alikuwa anakula. Akafika kwenye majani niliyoyakalia, akanisukuma bega kwa pua nisogee, akayavuta taratibu kutoka chini ya paja langu, akaendelea kutafuna juu ya kichwa changu. Usiku kucha sikusikia kitu kingine isipokuwa kutafuna kule na pumzi yake yenye joto kwenye shingo yangu. Kwetu nyumba ilijaa watu, hitma ikasomwa, mama akashikwa mikono. Mimi matanga ya baba niliyakaa pale, na aliyekaa nami ni yeye. Ndugu yangu wa barazani hakuyajua haya, nami sikuwahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita, saa saba za usiku, nilisikia mlango wake ukigongwa, si mara mbili. Nilipofika alikuwa anaparura chini, anageuza shingo kutazama ubavu wake, jasho linamtiririka kifuani na usiku ulikuwa wa baridi. Akalala, akabingirika, akainuka, akalala tena. Waarabu wanaita maghasi, sisi msokoto wa tumbo, na wasaisi wote wanaliogopa neno hilo. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote, kwenye utumbo mrefu sana unaoning'inia ndani ya tumbo pana, na utumbo huo ukijaa gesi au mchanga unaweza kuhama mahali pake na kujipinda. Ukijipinda, damu haipiti, na sehemu ile huanza kufa huku farasi bado amesimama.

Nilimshika mshipa chini ya taya. Nikahesabu 18 kwa sekunde 15, yaani 72 kwa dakika. Farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Nikamfunua mdomo: fizi zilikuwa nyekundu ya tofali badala ya waridi. Nikaweka sikio ubavuni, mahali ambapo siku zote husikia ngurumo kama maji ya mtungi. Kimya.

Nikampigia msimamizi. Akasema tajiri amelala, mtembeze. Nikampigia tena. Akasema daktari wa usiku ni riali 60 kabla hajafungua mkoba, nani atazilipa, wewe? Piga hesabu mwenyewe, riali moja haishuki shilingi 300 za Kenya. Nikasema ndiyo, nitalipa mimi. Akakata simu. Namba ya daktari alikuwa nayo yeye peke yake. Nilimtembeza Najma kwa saa mbili kuzunguka ua, na kila mara magoti yake yalipoanza kulegea nilimvuta, nikimsemesha Kiamu, lugha yetu ya Lamu niliyomzoesha: "Ndoo, mama, ndoo," yaani njoo. Alikuwa anakuja. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alikuwa anakuja kila nikimwita.

Saa tisa nilikimbia nikagonga mlango wa tajiri, mzee mwenyewe. Nilijua naweza kufukuzwa kazi. Alitoka na kanzu ya kulalia, hakuvaa hata viatu.

Daktari alifika kabla ya alfajiri. Alimwingizia mpira puani hadi tumboni, akamchoma dawa ya maumivu, akavaa glavu ndefu akampima kwa ndani. Dawa ile, ambayo kwa msokoto mdogo humtuliza farasi, haikumtuliza hata robo saa. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Moyo umefika 92. Fizi zimeingia rangi ya zambarau. Akasema utumbo mkubwa umejipinda. Dawa haitaurudisha, ni kupasuliwa tu, na hospitali anakopeleka farasi wa kupasua ni safari ya saa nyingi kwa gari, mpaka wa nchi uko katikati. Najma alikuwa na miaka 19. Daktari akasema wazi kwamba hadhani atafika akiwa hai, na njia nzima atakuwa katika maumivu yale.

Mzee akanigeukia mimi. Si msimamizi, mimi. Akasema: "Wewe ndiye unayelala karibu naye. Unaonaje?"

Nina miaka mingi katika nchi ile na sijawahi kuulizwa naonaje, kuhusu chochote. Nilitaka kusema tujaribu. Nikamtazama Najma, kichwa amekiinamisha mpaka pua inagusa mchanga, na maneno yaliyonitoka yalikuwa: "Asiongezewe njia." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaniambia nimshike mimi mwenyewe.

Tulimtoa nje penye nafasi, kwa sababu farasi akianguka ndani ya zizi anaumia, na wewe pia. Daktari alimchoma kwanza sindano ya kumlegeza, akaniambia nisimame pembeni ya bega, nisisimame mbele. Nikamfunika jicho kwa kiganja. Kope zake ndefu zilinigusa mara mbili. Sindano ya pili ilipoingia alivuta pumzi moja kubwa, magoti yakaachia, akashuka. Daktari akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akagusa jicho kwa kidole, halikupepesa. Tingatinga lilikuja kuchimba. Nilisisitiza shimo liwe refu sana, kwa kuwa dawa ile hubaki nyamani na mbwa wakifukua watakufa nao.

Baada ya kuzika mzee aliniuliza kwa nini namlilia hivi, ndipo nikamwambia kuhusu 2019. Alikuwa hajui kwamba nilifiwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsomea baba yangu Fatiha, mikono imefunguka, vumbi la kaburi la farasi bado liko kwenye kanzu yake. Kesho yake pasipoti ilikuwa mkononi mwangu, na tiketi kalipa yeye. Kwa hiyo ndugu yangu, ni kweli nimekuja kwa sababu farasi kafa. Kama si yeye, ningekuwa bado sijafika kaburini kwa baba.

Kwa mdogo wangu anayesoma haya na ana karatasi za wakala mfukoni: mtazame wakala huyo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya kabla hujauza kitu cha mama. Hakikisha mkataba unataja kazi yenyewe, si "kazi za shamba". Jua kwamba Oman tangu Januari 2021, mkataba ukiisha, unaweza kuhamia kwa tajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza; mimi nilikaa muda mrefu nikiamini haiwezekani. Na ukipewa mnyama, siku ya kwanza omba namba ya daktari wake, uiweke kwenye simu yako, na umuulize tajiri mwenyewe kwa mdomo wake kama unaruhusiwa kumpigia usiku. Saa mbili zangu zilipotea kwa namba moja. Sijui kama zingemwokoa, lakini zilikuwa zake.

Usiku ule ule wa maneno ya barazani, ami alikuja nyumbani baada ya isha. Ami ana punda watatu wanaobeba saruji na mawe kutoka forodhani, na si mtu wa maneno mengi. Akakaa dakani, akaniambia kwamba punda wake wa zamani, yule aliyekuwa akitupeleka Shela tukiwa wadogo, alikufa kwa tumbo. Alipofunguliwa wakakuta mifuko ya plastiki imesokotana kama kamba ya jahazi. "Farasi hubingirika ukajua," alisema. "Punda hunyamaa tu. Mimi nalidhani amechoka." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Namlilia hata leo. Sijamwambia mtu."

Halafu akaniambia mmoja wa watatu wake ameacha kula vizuri tangu juzi. Nilikwenda kumwona kwa taa ya simu. Nilikuwa nimekuja na glavu chache ndefu za daktari, zile ambazo kila Ijumaa nilimpimia Najma kama ana mchanga tumboni. Nikaokota kinyesi kibichi, nikakitia ndani ya glavu, nikajaza maji, nikavuruga, nikaining'iniza kwenye msumari wa mlango, vidole chini.

Tuliporudi kutoka msikitini alfajiri, ami aliinua glavu ile kuelekea mwanga. Kinyesi kilikuwa kinaelea juu. Chini, kwenye ncha za vidole viwili, palikuwa pamejaa na pazito.

"Mtanga," alisema ami. Mchanga.

Hospitali ya punda iko pale pale mbele ya bahari tangu 1987, na haitozi kitu. Tulimfungua tukatangulia kukaa mlangoni kabla hawajafungua, ami ameshika kamba, mimi nimeshika glavu.