Baraza Langu Chini ya Nyumba

Jumapili usiku, Uthiru

Mvua imeanza magharibi na mpaka sasa, saa nne, haijakatika. Nimeshuka ngazi zote kumi na moja miguu mitupu, nikaweka kiganja ukutani mahali pale pale ninapopapasa kila mvua ikinyesha: kona ya kushoto, nyuma ya rafu ya vitabu. Pana ubaridi, lakini hapana maji. Huu ni msimu wa tatu wa mvua tangu tuchimbe mtaro. Vuli ya mwaka jana nilipapasa kwa hofu, masika ya mwaka huu nikapapasa kwa mashaka, na leo nimepapasa kama mtu anayemsalimu jirani. Basi nimejiketia kwenye kibaraza, chupa ya chai ya tangawizi ubavuni, nikaona niandike.

Nyumba yetu imesimama kwenye mteremko. Ukitokea barabarani unaona nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa; ukizunguka nyuma unakuta kumbe ina tumbo. Ili sakafu ipate usawa, waliojenga walipandisha kuta za mawe upande wa bondeni, na chini yake pakabaki nafasi ya mita tatu kwa sita. Ukuta wa upande wa mlima umezikwa wote udongoni. Ule wa bondeni una mlango na dirisha dogo linalotazama shamba. Hapa Nairobi watu husema besmenti. Sisi kwa miaka yote tuliita stoo, na ndivyo ilivyokuwa: debe za rangi, baiskeli isiyo na mnyororo, mifuko ya simiti iliyoganda.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kuna mtu ananisemea sikioni, mara nyingi ana hasira, na mara nyingi hasira yake ni ya haki. Nikitoka hapo napanda matatu yenye muziki wa kutikisa vioo. Nikifika nyumbani nakuta runinga, mashine ya jirani ya kuchomelea vyuma, mahubiri ya spika, mbwa. Mwaka 2020, kafyu ilipoanza Machi, nilianza kushuka stoo jioni na kuketi juu ya mfuko mmoja wa simiti, dakika ishirini, bila kufanya chochote. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Mimi sikuacha kushuka.

Lakini hamu yenyewe ni ya zamani kuliko kafyu. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, ambako mbele ya nyumba kuna baraza za mawe. Baada ya Alasiri wanaume hukaa pale: kahawa chungu, habari, bao. Baba yangu alikuwa na nafasi yake, pembeni kabisa karibu na mlango, na jiwe lilikuwa limelainika kwa kukaliwa naye. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huo huo. Nilisikia kete zikianguka kwenye mashimo, nikazijua kwa sauti: kavu zikiwa mbili tatu, nzito zikiingia kwenye shimo lililojaa. Hakuna aliyenifukuza. Lakini hakuna pia aliyefikiria kwamba msichana angetaka kuketi pale, acheze, acheke kwa sauti, apoteze jioni yake apendavyo. Nilipofikisha miaka kumi na mbili Baba alinifundisha bao uani, usiku stima ilipokuwa imekatika. Alipofariki, ndugu zangu waligawana mengine. Mimi niliomba bao. Lilikaa kabatini Nairobi miaka tisa, kwa sababu nyumba nzima haikuwa na mahali pa kuliweka ambapo pasingehitajika kwa chakula, vitabu vya shule au pasi.

Kwa hiyo nilipomwambia mume wangu kwamba nataka stoo iwe yangu, sikuwa nikiomba chumba cha kujificha. Nilitaka baraza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuanze na ile baiskeli." Nampenda kwa jibu hilo.

Tulianza vibaya. Fundi wa kwanza alikuja na ndoo mbili za rangi ya mafuta, akapaka kuta zote, zikang'aa kama sinia. Wiki ya tatu rangi ikafura malengelenge. Nilitoboa moja kwa ukucha, likatoa tone la maji, na nyuma yake pakabaki unga mweupe. Niliuonja. Ulikuwa chumvi. Maji yakizibiwa mbele hayarudi yalikotoka. Hubaki ndani ya jiwe yakitafuta pa kutokea, na pale yanapokauka huacha chumvi, na chumvi hiyo husukuma rangi na lipu mpaka vibanduke.

Kisha ikaja Aprili 2024. Mvua ile kila mtu wa Nairobi anaikumbuka. Kule Mathare na Mukuru watu walipoteza jamaa na makazi, na sithubutu kuweka hasara yangu karibu na yao. Kwetu maji yalifika kifundo cha mguu, yakatulia, mekundu kama chai ya rangi, na sanduku moja la vitabu likawa uji. Bao lilikuwa bado kabatini. Nilikaa kwenye ngazi ya nne nikilia, si kwa sababu ya vitabu, bali kwa sababu nilidhani nimekosea kutaka.

Fundi wa pili ni mzee wa huku huku. Hakuja na ndoo. Alikuja na kipande cha nailoni cha ukubwa wa gazeti, akakibandika ukutani kwa selotepu kingo zote nne, akaenda zake. Baada ya siku mbili akarudi na tochi.

"Mama, maji ikiwa huku nje ya karatasi, hiyo ni pumzi yenu. Ikiwa huku ndani, hiyo ni mlima."

Ilikuwa mlima. Matone yalikuwa yamejipanga nyuma ya nailoni, upande wa jiwe, na upande wa chumba palikuwa pakavu kabisa.

Alichosema baadaye ndicho ninachotaka kila mwenye stoo kama hii akisikie kabla hajanunua zulia: chumba hiki hutengenezwa kwa nje. Pesa zetu nyingi ziliingia mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona. Agosti, udongo ulipokauka, alichimba mtaro upande wa mlima, urefu wa mita sita na zaidi kidogo, hadi karibu na msingi bila kushuka chini yake. Alikataa katakata kuchimba wote kwa mpigo. Mita mbili, mbao za kuzuia udongo usiporomoke, kazi, kufukia. Ndipo mita mbili nyingine. Ukuta uliozoea kuegemewa na mlima hauvuliwi nguo zote siku moja. Kila kipande ukuta ulisuguliwa, ukapakwa lami mara mbili, ukavikwa nailoni nzito. Chini kabisa likalazwa bomba lenye matundu, limefungwa kitambaa cha kuchuja udongo, na juu yake kokoto. Bomba linazunguka nyumba kwa mteremko na kumwaga maji bondeni, kwenye kitalu cha nduma. Nduma hupenda maji kuliko kitu chochote. Za mwaka huu zimetoa majani ya kumfunika mtoto.

Udongo wetu huku ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Wenzangu wa upande wa Embakasi, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, wasichukue habari hii kama ilivyo. Udongo ule husukuma ukuta wenyewe, na huko aitwe mhandisi kwanza.

Halafu tukangoja. Vuli nzima sikuingiza hata kiti. Hapo ndipo nilipomkumbuka Baba tena, safari hii kwa jambo la kuta. Nyumba yetu ya Mombasa ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, iko hatua chache kutoka baharini, na haikuwahi kufura malengelenge. Unyevu uliingia ukatoka, ukuta ukipumua. Nilimpigia kaka yangu simu, akacheka, akasema, "Dada, mlipaka mafuta ukuta unaotokwa na jasho?" Januari tukang'oa rangi na lipu yote ya simiti hadi kwenye jiwe. Chumvi tuliipangusa kwa brashi kavu; ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Fundi akapiga lipu ya chokaa na mchanga, kisha mimi mwenyewe, kwa wikendi tatu, nikapaka chokaa iliyolala kwenye maji usiku kucha. Unapaka nyepesi kama maziwa yaliyoongezwa maji, unadhani hujafanya kitu, na kesho yake ukuta umekuwa mweupe. Hugumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Harufu yake nilipoingia asubuhi ya kwanza ilinipeleka mpaka kwenye mlango wa kwetu.

Soketi ziko juu, usawa wa kiuno, kwa sababu simwamini mlima kwa asilimia mia. Kuna tundu la hewa juu ya mlango na jingine chini ya ukuta wa pembeni. Kibaraza kimejengwa kwa mawe urefu wote wa ukuta mmoja, na juu yake magodoro membamba yaliyoshonewa foronya za leso.

Mwanangu wa kiume alitaka tubandike trei za mayai kuzuia sauti. Tulijaribu kona moja, tukawasha redio, tukapanda juu: besi ilipita kwenye zege kana kwamba hakuna kitu. Trei ni karatasi, hazina uzito wa kuzuia sauti, na zinashika moto upesi. Tuliziondoa. Kilichosaidia ni mlango mzito wenye mpira kwenye kingo, rafu iliyojaa vitabu, mkeka na zulia juu yake, na spika kuinuliwa kutoka sakafuni kwa vipande vya mpira.

Jambo moja lilinifanya nipaze sauti katika chumba nilichokijenga kwa ajili ya utulivu. Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani, nilimkuta binti yangu kwenye ngazi amebeba jiko la makaa lililokolea vizuri, ananiletea joto kwa mapenzi yake. Nilimwambia arudi nyuma kwa ukali ambao hajawahi kuuona. Makaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa mtu husinzia tu, asiamke. Kila msimu wa baridi tunazisoma habari hizo. Tulilitoa jiko uani, nikamkumbatia, nikaomba radhi kwa sauti yangu, si kwa katazo. Sasa tunashuka na blanketi na chupa ya chai.

Mengine ni furaha tupu. Projekta ndogo niliyoinunua barabara ya Luthuli inapiga picha moja kwa moja kwenye chokaa, na chokaa kwa kuwa haing'ai hutoa picha tulivu. Tarehe 10 Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, walipocheza na Morocco kule Kasarani, tulikuwa kumi na mmoja humu, watoto sakafuni. Tukiwa juu, intaneti yetu huchelewa, na bao likifungwa tunaambiwa na kelele za majirani kabla hatujaliona. Goli linafika likiwa limeshapoa. Humu chini hatukusikia mtu. Ryan Ogam alipofunga, lilikuwa letu, jipya, na shangazi wa mume wangu aliinuka akamwaga chai yote. Kipindi chote cha pili tulicheza pungufu mtu mmoja, na humu hakuna aliyeongea. Moja bila. Nililia tena, kwenye ngazi ile ile ya nne.

Simu haishiki mtandao humu. Watu hunishauri niweke kifaa cha kuongeza nguvu. Sitaweka.

Bao la Baba liko kwenye ncha ya kibaraza, upande wa mlango. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne za komwe, kijivu, nyingine zimekwaruzika. Shimo moja la kila mchezaji ni la mraba na huitwa nyumba. Mchezo huanza na kete sita ndani yake, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na ishirini na mbili mkononi. Binti yangu alijifunza kwa mwezi mmoja. Anacheza upesi kuliko mimi na anaacha kichwa chake, shimo la ncha ya safu ya mbele, wazi, kosa ambalo Baba angelikohoa kuliashiria. Mimi sikohoi. Namwacha aone.

Nilikuwa nimefika hapa aliposhuka na blanketi lake, akasukuma daftari langu pembeni na kupanga kete. Tumecheza nusu saa. Sasa hivi nimekula shimo lake lenye kete tano, nikaanza kuzimwaga moja moja kutoka kichwa cha kushoto, ya tano ikaangukia nyumba. Hapo mchezaji huchagua: kulala, yaani kukomea hapo, au safari, yaani kuzichukua kete za nyumba na kuendelea kuzimwaga. Nje ya mlango bomba linachuruzika kuelekea kwenye nduma. Ameinua macho.

"Mama, unalala au safari?"

Nimetazama nyumba yangu, imejaa kete kumi na moja.

"Nalala," nimemwambia. "Cheza wewe."