Idi na Pasaka Nikiwa Ugenini

Ukiwa kijana na unaishi nje peke yako, siku za kazi zinajiendea tu. Mtihani ni sikukuu. Mimi ni Mwislamu, nasoma kwenye nchi ambayo Idi si siku ya mapumziko, na nyumba nimepanga pamoja na Wakristo, wageni kama mimi.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huohuo. Nyumba nzima ikawa kwenye mfungo, kila mtu kwa namna yake. Hilo lilinifaa kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa, maana hakuna aliyetaka maelezo kwa nini mwenzake ananuna jioni.

Idi msikiti wangu ulifuata Saudi Arabia, Jumapili 30 Machi. Nyumbani wakaila Jumatatu. Nikapata mbili, moja ya kusali na moja ya simu. Sikungoja mwaliko. Nilitoa zaka yangu ya fitri mapema, nikawahi msikitini kabla watu hawajajaa, nikaomba kazi. Nikapewa kutandika mikeka. Niliotandika nao ndio walionishika mkono baada ya hotuba wakanipeleka kwao kula. Wageni wengi, nadhani, hukosa sikukuu kwa sababu husimama pembeni wakisubiri kuitwa, na wenyeji nao wanaona haya kuita.

Pasaka ilikuwa 20 Aprili, na mwaka huo Wakatoliki na Waorthodoksi waliisherehekea siku moja, jambo lisilotokea kila mara. Mwenzangu Mkatoliki alinialika kwenye mkesha wa Jumamosi. Nilimuuliza kabisa: nikae wapi, nisimame lini, na watu wakienda kukomunika nifanye nini? Akasema kaa benchi za nyuma, wakienda wewe baki tu, hakuna atakayekutazama. Moto uliwashwa nje, kanisa likiwa giza totoro. Mshumaa mkubwa wa Pasaka ukaingia, padri akaimba "Mwanga wa Kristo" kwa lugha ya pale, na miali ikapokezanwa mshumaa kwa mshumaa hadi nyuzi za nta zikaanza kututiririkia vidoleni. Bibi mmoja jirani yangu, nisiyemjua, alinizungushia karatasi kwenye mshumaa wangu nisiungue. Masomo yalikuwa marefu, sitaficha; nilipiga miayo.

Idi kubwa ina nafuu ya mipango. Ni tarehe 10 Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama una siku za kuomba ruhusa. Mwaka huo ilikuwa Ijumaa, 6 Juni, nami barua yangu ilishafika kwa mwalimu.

Mwaka 2026 tumeambiana mapema. Majivu ni 18 Februari, na Ramadhani inaanza siku hiyohiyo au kesho yake, mwezi ukionekana. Tumegawana jiko: alfajiri langu, wao mchana, na kufuturu pamoja kila Jumapili.