Kabati Lianzie Kwenye Ramani

Katika nyumba nyingi mpya za Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, mpangilio wa ndani huanza kufikiriwa siku ambayo mwashi anafungasha vifaa vyake. Plasta imekauka na madirisha yametiwa vioo, ndipo mwenye nyumba anapojiuliza kitanda kitakaa wapi. Hugundua kwamba ukuta pekee unaokitosha una dirisha katikati, na kwamba kabati, likiwekwa mahali palipobaki, litaziba upepo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupanga nyumba kwa ndani, huitwa wakati huo, na mara nyingi ninachoweza kufanya ni kuficha kasoro tu.

Waliojenga nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale hawakutenganisha kazi ya kujenga na ya kupanga ndani. Boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuruhusu chumba kupita upana wa mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Katika chumba cha namna hiyo kabati la kusimama lingekula njia, na ndiyo sababu vyombo viliwekwa katika zidaka, yaani ndani ya unene wa ukuta wenyewe, ambao huweza kufika nusu mita. Baraza za mlangoni nazo zilijengwa kwa mawe na chokaa pamoja na nyumba, na mgeni akapata pa kuketi bila kuingia walimo watu wa ndani. Fanicha, heshima na ukuta vilikuwa jambo moja.

Simwambii mtu arudie matumbawe na boriti, na zidaka za jipsamu zinazobandikwa siku hizi kwenye kuta za sebule hazinivutii hata kidogo. Kinachofaa kurithiwa ni utaratibu wa kuamua. Hapa Mombasa kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu kwa miezi mingi, na chumba kisicho na matundu mawili yanayoelekeana hakitanufaika vya kutosha na upepo wowote. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, ndio ninaoupenda kwa makabati marefu, kwa kuwa nguo na mbao hupunguza joto linaloingia chumbani. Lakini lazima kuwe na nafasi ya hewa nyuma yake na milango iwe ya luva, yaani ya vibao vinavyopitisha hewa, la sivyo unyevu wa pwani utazitia nguo ukungu. Dari ya jipsamu iliyoshushwa kwa ajili ya taa za urembo ni hasara nyingine, maana hewa ya moto hupanda, na kuishusha dari ni kuisogeza hewa hiyo karibu na vichwa vya watu.

Kwa hiyo mteja anayenijia mapema humwomba msanifu wake ramani kabla haijapelekwa kuidhinishwa, tukachora juu yake vitanda, sofa, meza ya chakula na jiko kwa vipimo halisi, kisha tukahamisha madirisha na swichi panapohitajika. Seremala naye huitwa mwashi akiwa bado kazini. Kuacha pengo la rafu wakati ukuta unapanda ni suala la matofali machache. Kulitoboa baadaye ni kuvunja ukuta ambao pengine umebeba ghorofa ya juu.